Maji ya Pasi

Jumamosi usiku

Na kanzu ya Baba nilikuwa karibu kumaliza kuinyoosha! Nikabonyeza mvuke, pasi ikatema maji ya kahawia na vipande vyeupe, hapo hapo kifuani. Kesho ni arobaini ya Mama, siku arobaini tangu tumzike, na Baba hana kanzu nyingine ya maana.

Nilikasirika hadi nikalia. Baba akaja mlangoni.

"Umetia maji gani?"

"Ya kisima, Baba. Kwani Kigamboni kuna mengine?"

"Mama yako alikuwa anatia ya mvua tu. Ya kisima yana chumvi, yanaganda mle ndani."

Mie sikujua. Na yeye hajawahi kunyoosha hata leso, lakini akaenda jikoni, akachanganya siki na maji nusu kwa nusu, akajaza pasi, akaiwasha hadi ikapata moto. Tukaiacha ipoe kidogo, kisha tukautoa mvuke juu ya taulo kuukuu. Ukoko wa chumvi ukatoka, mwingi mno. Tukasuuza kwa maji ya chupa mpaka harufu ya siki ikaisha.

Naogopa atakavyokuwa kesho, wageni wa arobaini wakishaondoka.

Kanzu nikaifua, nikaianika. Jioni mvua ikaanza, nikatoka mbio kuianua. Nikamkuta Baba kwenye kona ya nyumba, anakinga maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati, kwa ile ndoo ambayo Mama alikuwa akikingia.

"Ya pasi," akasema, kabla sijauliza.

Ndoo ilishajaa zamani. Maji yanamwagikia miguuni kwake, na yeye bado kaishikilia.