Mpinzani Aliyepita

Harlow Ferry, Alabama
Jumatatu, 23 Septemba

Kwa mjukuu wangu Creed,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, mguu wako wa kulia ni mzima, na unakula chakula kilichopikwa na mtu, si vile vya kwenye mashine huko bwenini. Mimi sijambo, isipokuwa goti, na goti lenyewe siku hizi linajua mvua kabla ya redio.

Sasa habari za wapinzani, maana najua umeruka mistari yote hiyo kuzitafuta. Pell, wale tuliowafunga wiki ya kwanza, wameshinda michezo yao yote tangu hapo, na Mungu azidi kuwabariki. Usicheke. Ukishamfunga mtu lazima umwombee awafunge wengine, la sivyo watu watasema ulimfunga kibogoyo. Ashby, ambao bado hatujakutana nao, mtupaji wao mkuu amevunjika mkono mazoezini. Nimesikitika kama Mkristo na nimefurahi kama shabiki wa Burkett. Dunmore hawajafungwa na yeyote, nami nimeanza kuwachukia mapema nisije nikachelewa.

Kisha kuna timu moja ya kijani, Lassiter sijui, inayokuja kwetu tarehe tano Oktoba. Nasikia wana mpigaji mdogo wa umbo, masikio makubwa. Wenzake wanabeba mpira mikononi na kuvunjana mbavu saa tatu nzima, yeye anaingia mara moja moja, anaupiga kwa mguu upite kati ya nguzo mbili, anatoka suruali bado nyeupe. Ana raha huyo! Nani alimfundisha?

Ningependa ungekuwa unapigia Burkett, unajua hivyo. Kocha aliyesema u mdogo mno nilimwambia ni mjinga, mbele ya watu, kwenye foleni ya karanga. Lakini timu ni ya babu yako Hoyt na kiti chake uwanjani bado kiko ubavuni mwangu. Hata hivyo nitakuja na skafu ya kijani. Nitaivaa juu ya koti langu la njano la Burkett, waseme watakavyo. Nitakushangilia wewe tu, wenzako hapana.

Bibi yako,
Maudine

*

Chuo cha Lassiter
Alhamisi, 26 Septemba

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, mguu mzima, masikio yangu hayajapungua. Vipi goti? Umelipaka ile dawa inayonuka?

Asante kwa habari za wapinzani. Kocha wetu ana watu watatu na kompyuta za kazi hiyo, na hawakujua habari za mkono wa yule kijana wa Ashby. Niliwaambia jana wakaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema nina mtu wangu.

Bibi, nakuambia wewe tu: naogopa huo mchezo wa kwenu. Huwa nikijiandaa kupiga nawaza ua wako, ile miti miwili ya pekani tuliyoifanya nguzo, nawe umepiga magoti kwenye majani umenishikia mpira kwa ncha ya kidole. Ndiyo, kile nilichokivunja. Nikikiwaza, mguu unatulia. Siku hiyo usinipigie kelele, majirani zako wa viti watakula nyama yako. Wewe niangalie tu. Nami nitaangalia kiti chako.

Jambo jingine. Tarehe tisa Novemba ni siku yetu ya wanaomaliza chuo. Kabla ya mchezo kila mmoja anatembea na watu wake hadi katikati ya uwanja na majina yanatajwa. Wenzangu wana mama na baba, wengine wana shangazi wengi hadi uwanja hauwatoshi. Mimi tangu Mama atutoke nina jina moja tu la kuandika, na nimeshaliandika. Tafuta viatu visivyoumiza.

Mjukuu wako,
Creed

*

Harlow Ferry
Jumatatu, 7 Oktoba

Kwa mjukuu wangu Creed,

Salamu. Natumaini mlifika salama. Mimi sijambo, goti pia.

Pole kwa mchezo. Ule upepo wa upande wa mto ni mbaya, umewaaibisha wapigaji wakubwa kuliko wewe. Nilikusubiri nje ya lango, nikaambiwa basi lenu limeondoka. Nimepiga simu, naona una shughuli. Kuhusu mambo ya ile skrini kubwa, watu wanakuza tu. Ungekuwepo nilipokaa ungeelewa.

Wapinzani: Pell wameshinda tena. Ashby wameweka mtupaji mwingine, anarusha kama anayefukuza kuku. Dunmore bado, wabaya wale.

Nimekutengenezea keki ya njugu za pekani. Niitume wapi, bwenini au ofisi ya timu?

Bibi yako,
Maudine

*

Harlow Ferry
Jumatatu, 21 Oktoba

Kwa mjukuu wangu Creed,

Hujambo? Keki ilifika? Posta wanasema ilifika.

Tumewafunga Ashby, kama nilivyotarajia. Jumamosi tunapumzika, kwa hiyo leo nitakupa habari za wapinzani waliopita tu. Pell wamefungwa kidogo, bahati mbaya. Lassiter wameshinda michezo miwili mfululizo, vizuri sana, kila wakishinda na ushindi wetu juu yao unanona. Mpigaji wao ametulia, hajakosa hata mmoja tangu atoke kwetu. Namwombea aendelee hivyohivyo.

Nimekuandikia kwa utani, unanijua. Nijibu hata mstari mmoja.

Bibi yako,
Maudine

*

Chuo cha Lassiter
Ijumaa, 25 Oktoba

Bibi,

Barua zako mbili nimezipata. Keki pia, walikula wenzangu.

Hii ya pili umeniweka chini ya Pell.

Sikukasirika kwa kukosa. Nimeshakosa mara nyingi. Mlikuwa mbele yetu kwa pointi mbili, muda umekwisha, na mpira wangu ukipita ni pointi tatu na tunarudi nyumbani tukiimba. Nilipiga. Nikaujua mguuni kwamba unakwenda kushoto, na kabla haujatua nikageuka kuangalia kiti chako, kama nilivyokuandikia kwamba nitafanya. Sikuhitaji kukutafuta. Ulikuwa kwenye skrini, mrefu kama nyumba ya ghorofa. Umesimama, mikono juu, mdomo wazi, unacheka. Skafu sikuiona.

Ndani ya basi mwenzangu mmoja akauliza, "Yule kikongwe wa njano aliyepagawa ni nani?" Nikasema simjui.

Kwa ile siku ya tarehe tisa, nimefuta jina. Nitatembea peke yangu.

Mpinzani aliyepita,
Creed Tidwell

*

Harlow Ferry
Jumanne, 29 Oktoba

Creed mjukuu wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo, na ni haki yako. Nimeisoma nimesimama jikoni, nikaketi, nikaisoma tena. Pale mwisho, ulipotia sahihi, nilifunika kwa kiganja ili nisipaone. Jina hilo la mpinzani nimekupa mimi.

Nimejaribu kukuandikia kwamba mwili ulisimama wenyewe. Nimeandika hivyo nikachana. Ni kweli nimekaa kiti kile tangu mama yako hajazaliwa, kila mpira wa mgeni nauombea upinde, na miguu yangu imezoea. Watu wangeniamini. Lakini nilijua ni wewe, Creed. Nilikuona ukifuta kiatu kwenye soksi kama unavyofanya. Nilijua ni wewe, mpira ukapinda, na nikafurahi. Ni kwa pumzi moja tu, halafu nikaona uso wako nikashusha mikono. Ila pumzi hiyo ilikuwepo, na siwezi kuirudisha ndani.

Na skafu. Ilikuwa kwenye mkoba. Nilifika lango la uwanja imo shingoni, akina Verdell wa viti vya jirani wakasema, "Maudine, umehama?" wakacheka, nami nikaivua. Ndivyo nilivyo rahisi.

Hujui yaliyofuata. Jumapili kanisani walinipigia makofi. Makofi, Creed, kabla ya sala! Mchungaji akasema huo ndio uaminifu. Delbert akaichukua ile picha ya skrini akaikuza, akaitundika ukutani mgahawani kwake juu ya meza ya dirishani, na chini ameandika BIBI WA KWELI WA BURKETT. Watu wanakunywa kahawa chini ya mdomo wangu ulio wazi. Nami wiki ya kwanza, nitakuambia hili pia, nilikwenda kuitazama.

Jana niliingia asubuhi watu wamejaa, nikapanda kiti na goti langu hili, nikaishusha. Delbert akatoka jikoni na mwiko. "Bibi Maudine, hiyo ni mali yangu!" Nikamwambia, "Fremu ni yako. Sura ni yangu." Nikamwachia fremu. Nilipokuwa nashuka hakuna aliyenishika mkono, na Verdell alikuwa pale karibu. Wanasema sasa uzee umenipanda kichwani.

Nimeona aibu maishani, lakini nilikuwa naionea mbele ya watu. Hii ninaionea nikiwa peke yangu naosha kikombe.

Tarehe tisa nitakuja. Sitakuomba urudishe jina. Nitasimama kwenye kile kilango mnachotokea, upande wa kulia. Ukinitaka, nitakuwa pale. Usiponitaka, pita tu, sitakuita wala kukugusa, nitapanda kukaa na watu wengine.

Leo sina habari za wapinzani. Sijawafuatilia.

Bibi yako, ukinitaka,
Maudine

*

Chuo cha Lassiter
Jumatatu, 11 Novemba

Shikamoo Bibi,

Goti lako vipi? Nauliza kwa sababu nilisikia harufu ya ile dawa. Nilipita karibu nawe kiasi hicho.

Nilikuona tangu ndani. Koti la kijani, skafu ya kijani, hata soksi. Umesimama pembeni ya ukuta kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Hukuniita, kama ulivyosema. Mimi nikakaza shingo, nikaangalia mbele, nikapita.

Wakataja jina langu. Bibi, sikujua mikono niiweke wapi. Kushoto kwangu mwenzangu anabusiwa na mama yake, kulia mwingine amebebwa na kaka zake, mimi niko katikati peke yangu kama niliyesahauliwa na basi. Nilikuwa nimepanga wewe ndiwe uone aibu. Niliiona mimi, na ilizidi ile ya Burkett, kwa sababu ile ya Burkett ilikuwa upepo na mguu. Hii niliifanya kwa makusudi, kwa mtu aliyenipigia magoti kwenye majani. Na kule kwenye basi nilikukana. Hilo nalo umesoma, na hukulisemea neno lolote kwenye barua yako.

Halafu mchezo. Ulikuwepo, ila sijui kama uliangalia nilichokiangalia mimi. Mpira wa mwisho niliupiga kutoka mbali kuliko wowote niliowahi kupiga. Ukapita katikati. Uwanja mzima ukasimama, hata wale wauza vinywaji. Nikageuka juu kukutafuta. Watu wote wamesimama, na katikati yao kuna shimo, na ndani ya shimo ni wewe. Umekaa. Umeikalia mikono yako yote miwili kama mtoto aliyekatazwa kushika vitu dukani. Machozi yanakushuka na huwezi hata kuyafuta.

Uliogopa kunishangilia. Wewe! Nilivua kofia nikakimbia kuja juu, nikakuta kiti kitupu. Nimepiga simu tangu jana, naona sasa una shughuli wewe.

Jumamosi ni mchezo wangu wa mwisho, ugenini, Dunmore. Huko hakuna kutajana majina wala kutembea na watu. Ni baridi na watazomea. Tiketi yako iko dirishani. Njoo na rangi yoyote. Mpira ukipita, simama. Ukipinda, simama vilevile, nimeshazoea.

Na hujaniambia. Dunmore wako vipi msimu huu? Kocha ana watu wake watatu na kompyuta, lakini mimi nina mtu wangu.

Mjukuu wako,
Creed