Jiwe Jeupe Ulilomchagulia Mama

Kaka Paskali,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinilea hivyo, si kwa sababu moyo wangu unataka.

Juzi uliniandikia kwamba unaleta fundi asugue kaunta ya jikoni hapa Singe ili nyumba ipate mpangaji, na mimi nitafute chumba mjini. Acha nikueleze habari za kaunta hiyo, maana hukuwepo.

Unakumbuka ulivyopiga simu kutoka Dar ukasema Mama amechoka na moshi, utamjengea jiko la kisasa? Tulifurahi mno. Ukaniagiza nimpeleke akachague jiwe la kaunta. Tulipanda bajaji, Mama amevaa kitenge chake cha kanisani. Fundi alituwekea vipande viwili: marumaru nyeupe, na graniti nyeusi yenye chembe za kijivu. Mama hakujali rangi. Aliuliza, "Nikikamulia ndimu hapa, nikimwaga chai, itakuwaje?"

Fundi akasema kweli. "Mama, marumaru hunywa rangi, na ndimu huila. Graniti huvumilia."

Mama akaigonga graniti kwa vidole, kama anavyopima chungu sokoni. "Hii ndiyo yangu."

Nikakupigia palepale. Ukacheka. "Nyeusi haipendezi hata kwenye picha. Weka nyeupe. Mama anajua nini mambo hayo?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Sikukwambia kwamba anasikia. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Mama alikunja ncha ya kitenge chake, akasema, "Mwenye kujenga amechagua."

Wiki ya kwanza tu alitengeneza perege wa ziwani kwa ndimu. Asubuhi jiwe lilikuwa na mabaka yaliyopoteza mng'ao. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, likazidi kuchubuka. "Usimwambie kaka yako," akanisihi. Mwanamke aliyelima mahindi na maharage kule shambani Mutuka mpaka ukamaliza chuo, sasa anaogopa jiwe!

Baada ya hapo alirudi kupika kwenye banda la nje, kwa kuni. Ulikuwa ukipiga simu na kuuliza, "Jiko jipya linaendeleaje?" Naye anajibu, "Zuri sana, baba," huku akikohoa moshi. Ukamwambia anywe tangawizi, mafua yataisha.

Sisemi moshi ndio uliomuua. Daktari alisema ni moyo. Nasema miaka yake miwili ya mwisho alikuwa mgeni ndani ya jiko lake mwenyewe.

Kisha ukaja kuzika. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanapakua chakula cha waombolezaji. Ukapitisha kidole juu ya baka, ukauliza mbele yao, "Nani ameharibu hili jiwe?" Mama Neema, jirani yetu, aliweka upawa chini akatoka nje. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Sijui kama nilifanya vema.

Leo asubuhi fundi wako amefika na mashine yake. Nimempa chai, nimemwomba radhi kwa usumbufu, nimemrudisha. Sihami, kaka. Ukitaka kunitoa, njoo unitoe wewe mwenyewe, na uwaeleze akina mama walewale kwa nini.

Nilitaka kumalizia kwa kuandika kwamba nimekusamehe. Nimeliandika neno hilo mara mbili, na mara mbili nimelikata. Mungu akutunze huko uliko, mpaka mimi nitakapoweza.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki na Mama