Mpigania Uhuru Mwenye Blanketi

Dada Rehema,

Hamjambo huko? Mimi niko Makambako, mzima. Jana kwenye ukuta wa shule, mchoraji alikuwa anamchora mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyewahi kuishi hapa enzi za ubaguzi wa rangi. Alimfanya mrefu, na bunduki mkononi. Bibi Mwanaidi, aliyemhifadhi nyumbani kwake, akaja kutazama.

"Alikuwa mfupi," akasema. "Alishinda kwenye blanketi langu, baridi inamliza."

"Bibi, shujaa halii," mchoraji akamwambia.

"Huyu alilia, na bado akarudi kupigana. Hatukumwona tena."

Mchoraji akapaka chokaa, akaanza upya. Leo yupo pale, mfupi, kajifunika. Bibi alimgusa bega rangi ikiwa mbichi.

Nibusie watoto. Nawapenda.

Mdogo wako,
Asha