Jina la Dungusi la Mama

Kijiji cha Ujamaa Mlenje,
Sumbawanga.
9 Novemba 1975

Mpendwa kaka Oswaldi,

Shikamoo. Habari za huko Kitwe? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako cha vumbi la mgodini kimepoa? Sisi huku tunapumua tu. Mvua za kwanza zimeanguka na watu wanapanda mahindi, ila tangu mama atutoke nyumba imekuwa baridi hata moto ukiwaka.

Uliniuliza jina la lile ua lake la kwenye debe, ili wifi alitafute huko. Kaka, sikulijua. Mama alisema “ua langu”, basi.

Kwa kuwa limechanua, nilikata jani moja na ua lake jekundu, nikampelekea Sista Kristiana anayetunza bustani ya misheni. Aliligeuza, akapapasa vimiba vyake, akasema, “Hili ni dungusi, lakini chotara. Padri mmoja mzee alikuwa akichanganya aina mbili mbili hapa. Alifariki kabla ya kuyapa majina.” Nikarudi mikono mitupu.

Juzi mama mdogo Marsiana alifika kutoka Namanyere kuhani. Alipoliona debe pale mlangoni alikaa chini palepale. “Kumbe Hilaria bado yupo,” akasema.

Nikamuuliza, “Hilaria ni nani?”

Kaka, tulikuwa na dada. Alizaliwa kabla yako, akafa kwa surua hata kutembea hajaanza. Yule padri ndiye aliyempa mama jani la dungusi alipande kaburini. Mama akaliita kwa jina la mtoto, lakini akiwa peke yake tu, kwa sababu baba hakutaka kulisikia.

Nilikuandikia jinsi mama alivyogoma kupanda lori la operesheni la kutuhamishia kijijini mpaka alichimbue ua lake nyuma ya ghala. Wale vijana wa mgambo walicheka sana. Sasa najua alikuwa anachimba wapi.

Na alipougua, aliomba tumzike kule mahameni, tulikohamishwa. Mwenyekiti alikataa, akasema makaburi ya kijiji ni haya ya hapa. Mimi nilidhani ni homa inasema, sikumbishia mwenyekiti. Laiti mama angenieleza! Ningembeba mgongoni.

Tulikwenda huko na mama mdogo. Trekta limepita, pote ni shamba la kijiji. Mama mdogo alizunguka akisema, “Ni hapa. Hapana, ni pale.” Mwishowe akapiga magoti kwenye matuta, mahali popote tu, akalia. Nami nikapiga magoti kando yake.

Jana tulilihamishia dungusi kaburini kwa mama, na udongo wote wa debe, hatukubakiza hata punje. Mama mdogo anasema mama aliuchota mwenyewe pale alipolala mtoto. Mwanangu Adolfu alilimwagia maji.

Jani moja nimelifunga kwenye kitambaa, atakuletea Eustaki, dereva wa lori anayevuka mpaka wa Kasesya. Mwambie wifi asihangaike kuulizia madukani.

Nisalimie wifi Sekela na watoto wote. Mama mdogo anakusalimu, anakuombea uzima. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini. Ukija, kaka, usishukie kwangu kwanza. Nenda makaburini ukamwamkie dada yako. Wewe hujapata kumwamkia.

Mdogo wako akupendaye,
Bertilla