Jina Ndani ya Kola

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, na mimi mzima kuwapita wote, ila goti la kukanyagia cherehani linalia kama bawaba. Wewe hujambo? Mkeo? Kile kikohozi kimekwisha?

Dereva wa lori kaniambia huko mlimani unavaa jaketi la dukani. La dukani! Mtoto wa Fundi Mkasi! Miaka arobaini na miwili nashona mimi. Nilimshonea koti bwana harusi mwenye kibiongo, bibi harusi mwenyewe akaja kukigundua nyumbani. Hebu niambie hao wapandaji wako wa milima wanataka nini kwenye nguo, nikushonee uwatambie. Na jina langu litakaa ndani ya kola kama kawaida. Nguo isiyo na jina la fundi imeshonwa na mwizi.

Babako,
Fundi Mkasi

Tarehe 20 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo, kikohozi kimeniacha. Pole na goti.

Usicheke basi. Mpandaji hatafuti kupendeza. Ninapoinua mikono kushika mwamba, jaketi lisinipande likaniacha tumbo nje, kwa hiyo kwapa ulikate kwa kuachia. Pamba hapana, hata ya bitana kwa ndani. Ikilowa jasho haikauki, na kule juu jasho likipoa linaua mtu. Zipu itie kamba ndefu, maana tunaivuta na glavu mkononi. Na hili nakuomba kuliko yote: mifuko iwe kifuani. Kiunoni tunafunga mkanda mpana wenye kushika kamba ya kupandia, na mikanda mingine inazunguka mapaja. Ukishaufunga, kilicho chini yake hukipati tena mpaka uteremke. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Mwanao

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mkeo. Mimi mzima, goti ni lile lile.

Koti hilo hapo, nimempa dereva. Kwapa nimeliachia, hapo ulisema kweli. Pamba sikutia. Zipu ina kamba, hata ng'ombe angeivuta. Ila mifuko kifuani! Mifuko ya kifuani ni ya makarani wenye kalamu. Mkono wa binadamu ukiuachia unaangukia wapi? Pajani. Basi nimeiweka pajani, miwili, ya kina, mkate mzima unazama. Mchoro wako nimefutia mafuta ya cherehani. Unanichorea mimi mfuko? Nilikuwa nashona mifuko wewe hujajua kuvaa suruali.

Babako,
Fundi Mkasi

Tarehe 2 Juni

Salamu sina.

Dereva alipeleka mkaa kambini kwenu, akamkuta mpishi kavaa koti langu anapepea jiko. Masizi mpaka kwenye kola! Na wewe umesimama pembeni na jaketi lako la dukani, jekundu kama nyanya. Karudi na habari hiyo mbele ya wateja wangu, wakacheka. Siku tatu sijafungua mlango. Kama unaona haya kubeba jina langu mgongoni, sema nijue.

Fundi Mkasi

Tarehe 9 Juni

Shikamoo Baba,

Tafadhali usikasirike. Mpishi nilimwazima siku moja tu, alikuwa anatetemeka. Nimelichukua, mke wangu amelifua, masizi yametoka. Kesho kutwa nampandisha mgeni kwenye ule mwamba mrefu uliosimama kama ukuta. Nitalivaa hilo. Jekundu naliacha nyumbani. Fungua mlango, Baba, watu wanahitaji nguo.

Mwanao

Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, mlango nimefungua siku ile ile niliyopata barua yako.

Wiki tatu kimya. Najua, mnashinda mnalishangaa koti. Huyo mgeni alisemaje? Aliuliza fundi ni nani? Kama wenzako wanataka ya kwao, wanipe vipimo vya kifua na mabega, nitawapanga foleni. Andika basi, hata mistari miwili.

Babako,
Fundi Mkasi

Tarehe 17 Julai

Shikamoo Baba,

Mwandiko huu ni wa mkamwana wako. Maneno ni yangu.

Katikati ya ukuta fundo la kamba ya mgeni lililegea. Nikavua glavu ya mkono wa kulia nimfunge, upepo ukaichukua. Barafu ilikuwa inatupiga usoni. Glavu za akiba zilikuwa mfukoni mwa koti, chini ya mkanda. Nilizipapasa juu ya kitambaa, Baba, nikavihisi mpaka vidole vyake. Kuzitoa ilibidi nifungue mkanda, na mkanda ndio ulionishika nisianguke. Tulichukua saa mbili kuteremka, mkono u wazi, vidole vikaganda vikafa.

Vimekatwa vinne. Gumba limebaki. Mgeni hajambo. Kazi ya kamba ndiyo basi.

Wenzangu walipokuja hospitali waliuliza koti gani lile, nani mjinga aliyelishona. Nikasema la mitumba. Lebo ya kola mke wangu alikuwa ameshaikata, tumeihifadhi. Usiwe na wasiwasi, hakuna anayejua.

Mwanao

Tarehe 2 Agosti

Mwanangu,

Sijui nikuulize vipi hali, kwa hiyo siulizi.

Barua niliisoma mara nne. Nikampa jirani anisomee, labda herufi zimenichanganya. Na yeye akasoma vinne.

Ule mchoro sikufutia mafuta. Nilikuwa najigamba. Upo kwenye droo ya vifungo, nimeutoa, uko hapa mezani. Mifuko umeichora kifuani na ukaweka mshale. Niliuona mshale huo siku ile ile.

Sasa nisikilize. Nani kakuruhusu useme la mitumba? Miaka arobaini na miwili hakuna aliyewahi kunivua jina langu kwenye nguo. Koti lile ni kazi ya mikono yangu, kola mpaka mfuko. Mwambie mkamwana airudishe lebo pale pale ilipokuwa, uzi mweusi, mishono midogo midogo. Akimaliza, wapelekee wenzako. Ifungue kola mbele yao, wasome wote, kwa sauti. Wakiuliza huyo mjinga anakaa wapi, waelekeze. Nipo. Mlango uko wazi tangu asubuhi, na sijashona kitu.

Babako,
Fundi Mkasi