Naenda Ili Nani Afanye Nini?

Mpendwa Bibi, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa. Mimi napiga pasi kwenye kampuni inayofua mashuka ya hoteli, nina mume na mtoto wa kike wa miaka minne, na dada yangu aliye ng'ambo ameniita nikakae naye, ana mapacha wachanga, na kabla sijapewa ruhusa ya kusafiri lazima nihojiwe kwa Kiingereza nieleze naenda kufanya nini, basi jioni nikitoka kazini naingia darasani, na huko ndiko nilikokwama. Mwalimu anasema Mwingereza akitaka kutaja kusudi lake anachukua kitenzi kitupu, hakina mtu wala wakati, anakitangulizia "to", basi, kama "I came to learn", nimekuja kujifunza. Hapo nikaona rahisi. Akaniambia nitunge zangu, nikataka kusema naenda ili mwanangu asome shule nzuri, akanisimamisha.

"Anayesoma nani, wewe au mtoto?"

"Mtoto, mwalimu."

"Basi 'to' peke yake haikutoshi. Ukiiacha hivyo, aliyeondoka ndiye atakayesoma. Mtoto mtaje kwanza, mtangulizie 'for', ndipo 'to' ifuate."

Nikajaribu tena, ili mume wangu afungue duka, ili mama apumzike, ili dada asininunie, kila moja inadai "for" na mtu wake, darasa likaanza kucheka, jirani yangu akasema, "Shosti, hiyo ndege itabeba ukoo mzima!" Mwalimu akanionea huruma, akasema nitunge moja tu yenye mimi mwanzo na mimi mwisho, Bibi, nilikaa na kalamu mpaka wenzangu wakaondoka, sikupata. Nyumbani nikamwambia mume wangu, akajibu, "Sema unaenda kutafuta maisha," nikamuuliza kwani haya tunayoishi ni nini, akaongeza sauti ya televisheni. Sasa sijui kilichonishinda ni Kiingereza au ni safari. Mahojiano ni wiki ijayo. Nifanyeje?

Mpiga pasi

*

Mjukuu wangu, pole, na sasa nisikilize.

Mimi darasa nililiona kwa nje, hiyo "to" yako siijui hata ikinigonga mlangoni. Ila mtu akiniambia anaondoka, namuuliza anakwenda kufanya nini, na wewe nimesomewa barua yako mara mbili sijasikia jibu. Kiingereza usikisingizie. Hata kwa lugha ya mama yako hujasema.

Usidhani nakuambia ujifikirie peke yako. Mzazi huhangaika ili mtoto ale, wote tumehangaika hivyo, hakuna aibu. Lakini hao wote uliowabeba, nani kati yao umemuuliza? Mama amekwambia amechoka? Huyo mtoto, jioni atamlilia nani? Duka la mumeo litauza nini? Mtu anayeongezea televisheni sauti mkewe akimuuliza swali hajawa tayari kufungua duka.

Na dada yako aseme wazi kwamba anatafuta yaya. Si dhambi, mapacha ni kazi. Ila wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wewe unataka kumwacha wako hajajua kufunga vifungo ukalee wa mwenzio, kisa asikununie! Anune. Watu hununa na hushiba vilevile.

Fanya hivi. Kesho, kabla ya darasa, mpigie dada yako, mumeo akiwa ameketi hapo na hiyo televisheni imezimwa. Muulize: nikija nitafanya nini asubuhi, nitafanya nini jioni, na mwanangu atakuja lini? Usimsaidie kujibu. Akikutajia siku ya mtoto kuja, na wewe mwenyewe moyo ukikuambia twende, nenda, na mahojiano utayapita hata ukishikwa na kigugumizi. Akianza "tutaona, tutaona", mwambie huji, kata simu, kapike.

Darasa usiache. Soma hata kama huendi popote. Ukiulizwa wasomea nini, jibu kwamba unataka kujua. Hilo ni lako, na halimhitaji mtu mwingine ndani yake.

Bibi yako