Baba, Salamu Zako za Mlimani Nimezielewa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka bweni ambalo dirisha lake limegandishwa na theluji. Halijafunguka tangu mwezi uliopita. Mama hajambo? Mahindi yamekomaa? Mimi ni mzima wa mwili. Nakusihi usimkatize Dada Yustina anapokusomea yanayofuata.

Juzi darasa letu la udaktari lilipelekwa wodi ya moyo. Dereva mmoja wa lori, mtu wa rika lako, alilazwa, akabandikwa waya kifuani, na mashine ikachora mapigo yake kwenye karatasi. Mchoro ulitoka safi. Kisha akasimamishwa juu ya mkanda unaozunguka chini ya miguu: mtu hutembea, asifike popote. Kila dakika tatu mkanda uliinuliwa, ukawa mlima. Kwenye mwinuko wa tatu mistari ya karatasi ikaanza kuzama. Yule mzee akamgeukia muuguzi, akitabasamu: "Binti, sijakuuliza, mama yako anaendeleaje?"

Profesa akausimamisha mkanda. "Mmeona? Kifua kinambana, naye anaona haya kusema. Mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba. Moyo uliopumzika huficha, mlima huufichua."

Baba, hapo nilikukumbuka wewe. Nilikuona ukipanda jioni kutoka kiwanda cha mbao Mafinga. "Kamwene!" kwa Mama Sekela, kisha habari za kuku, za ng'ombe, za mjukuu mmoja mmoja, nawe umeegemea ua wake, mkono kifuani. Fundi Mgaya akikutania, "Mzee, salamu zako ndefu kuliko mbao zetu!" Mlima mzima unakusifu kwa adabu, nami nilijivunia. Lakini asubuhi ukiteremka, Baba, ni nani uliyewahi kumpa salamu zaidi ya kumpungia mkono?

Niliomba ruhusa ya kuja. Hati yangu ya kusafiria imefungiwa kabatini kwa mkuu wa wanafunzi wa kigeni. "Baba yako amefariki?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi rudi darasani." Mimi niliyepanda majukwaa kudai ukombozi wa bara zima, nimeshindwa kumkomboa mtu mmoja kutoka kwenye kilima kimoja! Natembea, nafoka, naandika madai. Bado nimo juu ya mkanda uleule.

Kwa hiyo nakuomba, wala sikuhutubii. Panda basi uende kwa daktari Iringa. Hata kama hawana mkanda huu, mweleze ukweli: unasimama wapi, mara ngapi, na maumivu yanakwisha baada ya muda gani. Kilima chetu kimekwisha kukupima miaka yote hii. Kilichobaki ni wewe kusema. Usijaribu kupanda bila kusimama ili kunithibitishia kuwa nimekosea. Nakujua.

Mpe Mama salamu zangu, na Shangazi wa Ilula na shamba lake la nyanya, na Fundi Mgaya. Mama Sekela na majirani wote wa mlimani wasalimie pia, kwa urefu uleule. Ila safari hii, Baba, wasalimie ukiwa umeketi.

Mwanao, mbishi uliyemlea mwenyewe,
Festo